Kitabu cha Bwana Azima: shajara ya kusoma dukani

Siku ya 1

Kitabu kimeingia dukani ndani ya mfuko wa unga. Mwalimu wangu wa Kiingereza wa zamani, siku hizi amestaafu na anakaa Mkomani, hapa hapa Lamu, alikipata kwenye nyumba moja ya wageni kule Shela. Mgeni alikiacha pamoja na kandambili na nusu chupa ya mafuta ya kujipaka. Kimevimba kwa unyevu wa bahari na gamba limeanza kuachana na kurasa. Nimekiweka juu ya mizani, maana mizani ilikuwa karibu kuliko meza. Kimepita kilo moja.

Ni maisha ya Isaac Asimov kama alivyoyaandika mwenyewe, yule wa hadithi za sayansi, wa maroboti na dola za kwenye nyota. Jina lake In Memory Yet Green, kilitoka 1979, kina kurasa zaidi ya 700, na hiyo ni nusu tu. Kinaanza alipozaliwa 1920 kinaishia 1954. Nusu ya pili ilitoka mwaka uliofuata, nayo ni nene zaidi.

Mradi wangu ni huu. Kurasa 25 kwa siku, hapa hapa nyuma ya kaunta, Langoni, kati ya mteja na mteja. Halafu kila usiku baada ya isha nimsimulie Baba barazani kwa Kiswahili yale niliyoyasoma. Baba macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho, na tangu aache kusoma amekuwa mkali kwa redio. Nataka tumalize kabla Ramadhani haijaandama. Ikishaandama, duka hukesha na mimi nalo.

Mwalimu alinikabidhi kwa sharti. “Nakuazima, sikupi.” Baba alimsikia kutoka nje. Nilipomtajia jina la mwandishi akacheka mpaka akakohoa. “Azimu? Azima? Basi jina lake lasema kweli. Kitabu cha Bwana Azima kirudi kwa mwenyewe.”

Siku ya 2

Kurasa 31. Nimevuka lengo kwa sababu mvua kidogo imenyesha na punda wamejaa njia nzima, wateja hawapiti.

Kumbe Baba hakukosea sana. Urusi walikotoka jina hutamkwa kwa z. Walipofika Marekani mwaka 1923 baba mtu hakuzijua vizuri herufi za kizungu, akadhani S ndiyo yenye sauti ya z, akaandika S. Mtoto akaishi nayo, na baadaye akawa hakubali mtu amkosee hata herufi hiyo moja.

Alizaliwa kijiji kinachoitwa Petrovichi. Mwaka 1921 watoto 17 wa kijiji hicho walishikwa na homa ya mapafu, akapona yeye peke yake. Amelieleza hilo haraka haraka, kama mtu anayetaja bei. Baba alinyamaza hapo, kisha akasema tu, “Mama yake alikesha huyo.”

Siku ya 3

Leo sikusoma kurasa mpya. Tumebaki kwenye tarehe ya kuzaliwa.

Asimov hajui alizaliwa lini hasa. Kumbukumbu za maandishi zilikosekana, na kalenda ya Kiyahudi na ile ya zamani ya Kirusi zilikuwa zikivutana. Yaweza kuwa mapema kama Oktoba 1919. Yeye mwenyewe aliichagua tarehe 2 Januari 1920 na kuisherehekea hiyo. Mama yake, ili aanze shule mapema, alimwandikisha kuwa amezaliwa 7 Septemba 1919. Mtoto alipofika darasa la tatu akalijua hilo, akang'ang'ania lirekebishwe, na likarekebishwa.

Hapa baraza yote ilichangamka. Mzee anayeuza kahawa tungu alisimamisha dele lake. Kitambulisho cha Baba kinasema tarehe 1 Januari, cha muuza kahawa kinasema tarehe 1 Januari, na cha jirani yetu mshona kofia vilevile. “Mui mzima tumezaliwa siku moya,” Baba akasema, “hata mkunga hakulala.” Yeye anachokijua ni kwamba alizaliwa kusi ikianza kuvuma, mwaka ambao jahazi la babu yangu lilichelewa Mombasa miezi miwili. Nimeliandika nyuma ya daftari la deni, kwa kuwa sijapata kuliandika popote.

Siku ya 6

Kurasa 22, na ndizo tamu kuliko zote mpaka sasa. Tumefika dukani.

Baba yake Asimov alinunua duka la pipi Brooklyn, kisha jingine, kisha jingine. Pipi, sigara, soda, magazeti. Lilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa saba usiku, siku saba za wiki. Mtoto akirudi shule anaingia nyuma ya kaunta. Asubuhi kabla ya shule anagawa magazeti. Akichelewa kidogo anaitwa mvivu. Anasema saa zile hazikumtoka mwilini maisha yake yote: akiwa mtu mzima, profesa, mwandishi anayejulikana, bado aliamka alfajiri kana kwamba kuna mtu anagonga mlango anataka gazeti.

Baba alinikatiza mara tatu kuuliza mambo ambayo kitabu hakina. Mikopo je, walikopesha? Mizigo ililetwa na nani? Panya? Nilipomwambia mama na baba na watoto wote walishika zamu, akaitikia kwa kichwa muda mrefu. Hakuuliza habari ya roboti hata moja.

Na kuna hili ambalo nimelisoma mara mbili, la kwangu mwenyewe. Asimov alikuwa na ndoto ya kumiliki kibanda cha magazeti ndani ya kituo cha treni ya chini ya ardhi. Afunge kibanda, awashe taa, alale ndani asome magazeti yake, na treni zipite juu na chini zikinguruma. Mtu huyu hakupenda mahali pa wazi. Alipanda ndege mara mbili tu katika umri wake wote. Anaandika habari za watu wanaoruka kutoka sayari hadi sayari, naye raha yake ni chumba kisicho na dirisha. Nimetazama duka langu: futi nane kwa kumi, mlango mmoja, gunia za mchele mpaka darini, balbu moja. Sijawahi kuliona kuwa ni ndoto ya mtu.

Siku ya 7

Kurasa 25 kamili.

Mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka tisa, aliona kwenye kibao cha magazeti ya duka lao jarida la hadithi za sayansi. Baba yake alikuwa amemkataza majarida ya aina hiyo, aliyaona takataka za kupoteza akili. Mtoto akamwonyesha jina: Science Wonder Stories. Tazama, Baba, limeandikwa sayansi. Baba mtu Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga, mkewe alikuwa mjamzito na mawazo yake yako huko, akakubali. Ndio mlango alioingilia mtu ambaye vitabu vyake, alivyoandika na alivyohariri, vingekaribia 500.

Lakini sharti lilikuwa palepale: jarida ni bidhaa. Alisome kwa ncha za vidole, alirudishe kibaoni likiwa kama halijaguswa, mteja alinunue jipya.

Baba: “Kama wewe na magazeti ya boti.”

Sikujua kama alikuwa akijua. Miaka yote ile, magazeti yakivushwa kutoka Mokowe, nilikuwa nikiyasoma juu ya gunia kabla hajaamka kwenye usingizi wa mchana, kisha nayakunja upya kwa mstari wake. “Moya lilikuwa na alama ya mafuta ya taa,” akasema. “Nililinunua mimi.”

Siku ya 8 hadi 13

Kurasa 40 kwa siku sita. Mizigo ya Ramadhani imeanza kuja. Tende, unga wa ngano, sukari, tambi. Mikokoteni mpaka gatini na punda kutoka gatini. Nimekosana na wakala mmoja wa Mombasa kwa gunia mbili zilizolowa, na nguvu za kusoma Kiingereza usiku sina. Nilimsimulia Baba kwa kifupi namna kijana alivyokataliwa na chuo alichokitaka na kupelekwa tawi dogo lao, halafu shule za udaktari zikamkataa pia. Baba akasema aruke hayo. Tukaruka.

Siku ya 15

Nimepita ukurasa wa 180. Hapa kitabu kinabadilika, na sababu yake naijua: tarehe 1 Januari 1938 Asimov alianza kuandika shajara. Kabla ya hapo anasimulia kama sote tunavyosimulia, nadhani ilikuwa, nakumbuka kama. Baada ya hapo kila kitu kina siku. Tarehe 21 Juni 1938 alikwenda kumwona John W. Campbell, mhariri wa jarida la hadithi za sayansi, akiwa na hadithi yake ya kwanza mkononi. Alitaka kuituma kwa posta, lakini stempu zilikuwa ghali kuliko nauli ya treni kwenda na kurudi, na baba yake akamwambia aipeleke mwenyewe. Campbell akakaa naye zaidi ya saa nzima, akaongea, kisha akaikataa hadithi kwa barua. Kijana akarudi na nyingine. Akakataliwa. Akarudi tena.

Ya kwanza kununuliwa ilinunuliwa na jarida jingine, Oktoba mwaka huohuo, kwa dola 64. Senti moja kwa neno.

Baba alitaka hesabu ifanywe palepale. Senti moja kwa neno, maneno 6,400. “Na yale aliyofuta alilipwa?” Hakulipwa. “Basi bei yake si senti moja.” Ni kweli, na sijaona mhakiki aliyelisema hivyo.

Tangu hapa kila hadithi imeandikwa iliuzwa wapi, kwa kiasi gani, lini, na ilikataliwa mara ngapi kabla. Msomaji wa kawaida angechoka. Mimi nilichoka kidogo karibu na ukurasa wa 220, nakiri. Baba hakuchoka. Usiku wa leo alinishika mkono kabla sijaingia ndani, akasema, “Huyu si mwandishi bwana. Huyu ni mwenye duka. Hilo ni daftari.”

Nimelala nalo hilo neno. Nilikuwa nimekichukua kitabu nikitafuta siri: mtu anawezaje kuandika vitabu mia kadhaa? Nilidhani nitakuta kipaji kinaelezwa. Nilichokuta ni saa za kufungua na kufunga, mali iliyoingia na mali iliyotoka, na mtu ambaye hangoji hamu ya kazi, kama nisivyongoja hamu ya kufungua mlango saa kumi na mbili.

Siku ya 19

Umeme umekatika tangu magharibi, mji mzima mpaka ng'ambo ya Manda. Sikuweza kusoma. Lakini nilikuwa nimeshafika mwaka 1941, na giza likanipa nafasi.

Machi mwaka huo Campbell alimsomea Asimov sentensi ya Emerson, mwandishi wa Marekani wa zamani, kwamba kama nyota zingetokea usiku mmoja tu katika miaka elfu, watu wangeamini na kuabudu namna gani. Kisha akamuuliza: unafikiri ingekuwaje kweli? Yeye Campbell aliona wangerukwa na akili. Nenda kaandike. Kijana wa miaka 21 akaenda akaandika “Nightfall”, ikatoka Septemba. Sayari yenye majua sita, ambako giza huingia mara moja tu katika miaka 2,049.

Tulikuwa watu saba barazani. Taa hakuna, ila sigara ya mshona kofia, na juu nyota zimemwagika kama mchele. Niliieleza hadithi yote, wanazuoni wanaopiga hesabu na kuonya, watu wa kawaida wanaocheka, jua la mwisho linavyopungua, mienge wanayowasha kwa kuwa hawajawahi kuhitaji taa, mpaka pale nyota zinapotokea na mji unapochomwa na wakazi wake wakitafuta mwanga.

Nikangoja. Kwanza alisema muuza kahawa, kwamba jua moja kwa joto hili linatosha, sita je? Wakacheka. Kisha Baba, ambaye alipanda majahazi miaka kumi na tano kabla ya duka, akauliza kwa utulivu kabisa: “Watu wasoziyua nyota waenda Pate vipi?”

Nikamwambia kwao mchana haukatiki, wataona njia.

“Si kuona,” akasema. “Yua lakwambia saa. Nyota ndiyo yakwambia ndia. Hao wana mwanga mwingi lakini nahodha hawana.” Akaanza kunionyesha, kwa kidole, nyota ambazo yeye hazioni tena, mahali zilipo kwa saa ile na msimu ule, na kidole chake kilikuwa sahihi kila mara. Kilimia kile kule. Upande wa jaa, kaskazini, kule nyuma ya mikandaa. Nilikuwa na umri wa kutosha kuyajua hayo na sikuyajua.

Asimov alisema hadithi hiyo ndiyo iliyombadilishia hadhi yake. Mimi naiona nzuri bado. Ila sasa nikiisoma nitasikia swali la Pate.

Siku ya 20

Umeme umerudi saa nne. Kurasa 30.

Agosti 1941, ndani ya treni akielekea kwa Campbell bila wazo lolote mfukoni, alifungua kitabu cha michezo ya kuimba, akaona picha ya malkia wa majini amepiga magoti mbele ya askari. Kutoka askari akafikia majeshi, kutoka majeshi dola, kutoka dola kuanguka kwa dola ya Kirumi, na aliposhuka alikuwa na mwanzo wa Foundation, mfululizo wake wa hadithi za dola ya kwenye nyota. Baba hakuvutiwa. Nami huwa siamini sana hadithi za namna hii, wazo linaloingia kama mbayuwayu dirishani, ingawa huyu ana tarehe.

Siku ya 24

Nimepita 420. Leo Baba amefurahi kupita kiasi, nami nasimulia kwa nini.

Vita vimekwisha, mwaka ni 1945, Asimov amefanya kazi ya kemia kwenye maabara ya jeshi la maji huko Philadelphia na sasa jeshi linamwita kuwa askari. Waliotimiza miaka 26 waliachwa. Kwa tarehe aliyoandikisha mama yake, ile ya Septemba 1919, angekuwa ametimiza. Kwa tarehe aliyoidai mwenyewe darasa la tatu, alikuwa bado. Akachukuliwa.

Baba alipiga goti lake kwa kiganja. “Si nilikwambia! Mama hakosei tarehe!” Hakuwa ameniambia, lakini nilimwachia. Ikabidi nirudie kwa kila aliyepita, na mshona kofia akaapa hatabadilisha kitambulisho chake hata aambiwe nini.

Kilichofuata nilikieleza polepole. Kikosi chake kilipangiwa kwenda Bikini, visiwa vya bahari ya Pasifiki, mwaka 1946, kwenye majaribio ya mabomu ya atomiki. Siku chache kabla ya meli kuondoka, kosa la makarani lilisimamisha posho ya mke wake, na kwa sababu ya karatasi hiyo moja akatolewa safarini. Julai akaachiliwa kabisa.

“Karatasi ya kwanza ikamtia,” Baba akasema, “ya pili ikamtoa.”

Siku ya 27

Kurasa 28. Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka.

Akiwa anaandika tasnifu yake ya udaktari wa kemia, Asimov alijitungia kemikali ya uongo, akaipa jina thiotimoline, ambayo huyeyuka kabla maji hayajamiminwa. Akaiandikia makala kavu kabisa kama ya wataalamu, ili kujizoeza uandishi mbaya wa kitaalamu. Aliomba itoke kwa jina la bandia kwa kuwa mtihani wake wa mdomo ulikaribia. Ikatoka kwa jina lake halisi. Mei 1948 akaketi mbele ya watahini, akaulizwa yote, na mwishoni kabisa mmoja wao, kwa uso mkavu, akamwomba aeleze sifa za thiotimoline. Alicheka kwa wahaka mpaka akatolewa nje. Dakika chache baadaye wakaja kumpa mkono: hongera, Daktari.

Baba amependa dawa inayoyeyuka kabla ya maji. Anasema ndivyo pesa ya duka ilivyo.

Kuna jambo jingine ambalo sikumsimulia, naliandika hapa. Asimov anajisifu sana kwa utani wake na wanawake, na anatarajia tucheke naye. Wanawake waliomfahamu kwenye mikutano ya waandishi na mashabiki wamesema wazi baadaye kwamba haukuwa utani; alikuwa akiwashikashika bila ridhaa, kwa miaka, mbele za watu. Nilimwonyesha dada yangu ukurasa mmoja. Aliusoma amesimama, akaurudisha. “Huyu kahesabu kila senti aliyolipwa,” akasema. “Walizolipa wenzake hazimo.” Sikuwa na la kuongeza. Nimeendelea kusoma, lakini tangu leo kitabu nakishika kama ninavyoshika daftari la mtu mwingine: hesabu zake zinaweza kuwa sahihi na bado lipo la kuuliza.

Siku ya 30

Nimelinganisha kidogo. Nimetoa kabatini Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, ambacho ukikitia mfukoni mwa kanzu hakionekani. Naye alikuwa karani, mtu wa hesabu na barua za ofisi. Lakini yeye huchagua: anatoa tukio, analigeuza mpaka liwe fundisho, anaacha mengine yapotee. Asimov haachi kitu. Shaaban nakumbuka sentensi zake. Asimov nakumbuka siku zake. Nikilazimishwa kuandika kama mmoja wao, sentensi sina, lakini siku ninazo.

Siku ya 33

Nimemaliza saa tisa alasiri, mteja wa mwisho akiwa mtoto aliyetaka ubani wa shilingi kumi. Siku tatu nje ya lengo, mwezi haujaandama.

Nilimweleza Baba jambo la mwisho. Kitabu hiki kilitoka kikiwa cha 200 katika hesabu ya Asimov, lakini wachapishaji wawili walitaka kila mmoja awe na cha 200, basi akaviita vyote viwili 200, hiki na kingine, vikatoka pamoja. “Mapacha,” akasema Baba, ameridhika. Mwenye duka hapotezi mteja kwa namba.

Nyuma ya daftari la deni sasa kuna kurasa sita. Kusi na jahazi lililochelewa. Alama ya mafuta ya taa. Majina ya nyota kumi na moja na mahali zinapokaa. Bei ya kibaba cha mchele alipofungua duka, ambayo ameitaja mara mbili na mara zote mbili haikuwa sawa, nimeandika zote.

Mwalimu atapita kesho kuchukua kitabu. Anasema cha pili anaweza kukiagiza Nairobi. Nilimuuliza Baba kama tuendelee.

“Cha pili kina duka?”

Nikamwambia hakina duka. Nikafikiri kama niseme jingine, nikalisema: baba yake anafariki humo, mwaka 1969.

Alikaa kimya, akageuza uso upande wa bahari ambako upepo ulikuwa ukitoka.

“Hicho soma peke yako,” akasema. “Sasa nifungie dirisha hilo, na tambi zimefika ngapi?”